Gari yako inabeba kilo ngapi? Namna ya kusoma namba ya mzigo kwenye pikap na jipu

Barabara ya taifa namba 5 (RN5) inapita katikati ya Uvira, kati ya ziwa na milima, na kila asubuhi pikap, jipu na Fuso zinapakia pembeni yake. Zingine zinaenda kusini, Makobola, Mboko na Baraka. Zingine zinashika njia ya Sange, Luvungi na Kamanyola, kisha zinapanda Ngomo mpaka Bukavu. Zingine zinapanda milima kuelekea Lemera. Iwe Kilibula, iwe kartiye ingine ya mji, swali la mwenye mzigo ni lile lile: "Bado kuna fasi?"

Fasi haimwambie shofere kama gari inaweza. Magodoro ya sponji yanajaza pikap mpaka juu na gari bado ni nyepesi. Mifuko ishirini ya simenti haifike hata kwenye ukingo wa sanduku la nyuma, na gari imekwisha kuzidiwa. Kinachohesabika ni kilo, na kila gari ilitoka kiwandani na namba yake ya kilo. Makala hii inaeleza namba hiyo inasema nini, inapatikana wapi, na juu ya nini fundi wa garaji hawezi kuibadilisha kwa kuongeza resori.

MANENO MATATU YA KUJUA

Uzito mtupu. Ni kilo za gari yenyewe bila mzigo. Kwenye karatasi za Kifaransa inaandikwa "poids à vide". Mara mingi mazutu ya tangi imehesabiwa ndani, lakini si kwa kila mtengenezaji. Kwa magari ya Ulaya, hesabu nyingine inaingiza na shofere, kwa kilo 75. Ni vizuri kusoma kitabu cha gari kama bado kiko.

PTAC. Ni kifupi cha maneno ya Kifaransa "poids total autorisé en charge". Maana yake ni uzito wa mwisho ambao gari inaruhusiwa kufikisha ikiwa na kila kitu: chuma chake, mazutu, watu, mizigo, vifaa, hata tope lililoganda chini yake.

Mzigo unaoruhusiwa, ao "charge utile". Ni PTAC kutoa uzito mtupu. Basi. Kama PTAC ni kilo 3.200 na uzito mtupu ni kilo 2.100, mzigo ni kilo 1.100.

Hapa watu wengi wanakosea: wanafikiri kilo 1.100 ni za bidhaa peke yake. Hapana. Ndani yake kuna watu wote walioketi, na kila chuma kilichoongezwa kisha gari kutoka kiwandani.

NAMBA INAPATIKANA WAPI

Fasi ya kwanza ni plaki ya mtengenezaji. Iko kwenye nguzo ya mlango wa shofere, ao ndani ya kapo karibu na motere. Kwenye magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, plaki inakuwa na namba nne za kilo, moja chini ya ingine. Ya kwanza ni PTAC. Ya pili ni uzito wa gari pamoja na remorke. Ya tatu ni kilo ambazo magurudumu ya mbele yanaruhusiwa kubeba, na ya ine ni za magurudumu ya nyuma.

Fasi ya pili ni karte roze na karatasi zingine za gari. Ni vizuri kulinganisha na plaki, maana yule aliyejaza karatasi anaweza kukosea namba ao kunakili ya gari ingine.

Fasi ya tatu inahusu magari ya okazioni kutoka Japani, na hayo ni mengi kwetu. Malori na pikap za mizigo za Japani zinaandikwa nyuma, kwenye mlango wa sanduku, herufi za Kijapani zinazofuatwa na namba na "kg". Wengi wanaona maandishi hayo kila siku kwenye Canter ao Dyna na kufikiri ni matangazo. Ndiyo namba ya mzigo. Kwa hesabu ya Kijapani namba hiyo ni ya bidhaa tu. Watu wa kabini wamehesabiwa kando, kilo 55 kwa kila kiti. Ukiona "2000 kg", ni tani mbili za bidhaa, na hakuna mtu juu yake.

Jina la gari lisikudanganye. "Land Cruiser" si gari moja. Land Cruiser ya aina ya 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, inatoka kama pikap, kama jipu ndefu yenye mlango nyuma (ile inayotumika mara mingi kama ambilansi), na kama jipu ya milango mine. Motere inaweza kuwa moja lakini mzigo haulingane. Hata pikap mbili zinazofanana zinaweza kuwa na PTAC tofauti kufuatana na inchi ambamo ziliuzwa mara ya kwanza. Ni hivyo pia kwa msemo wa "pikap ya tani moja". Msemo huo ni jina la soko. Plaki peke yake ndiyo inasema kweli.

HESABU YA MFANO

Tuchukue ile pikap ya PTAC kilo 3.200 na uzito mtupu kilo 2.100. Namba hizi ni za mfano. Kila mtu aweke za gari yake.

Mzigo unaoruhusiwa: kilo 1.100.

Mbele ya kuweka mfuko wa kwanza wa bidhaa, tutoe hivi:
- Shofere na konvoyeri wake: kilo 140.
- Chuma cha kukinga mbele, galeri ya juu na gurudumu la pili la akiba: kilo 130.
- Bido mbili za mazutu, za litre 20 kila moja: kilo 36.
- Krike, kamba, mpauro, mbao za kutokea kwenye tope na sanduku la vifaa: kilo 44.

Jumla ni kilo 350. Inabaki kilo 750 kwa bidhaa. Kwa simenti ya mfuko wa kilo 50, ni mifuko 15.

Sasa tuangalie vile inavyopita mara mingi. Mwenye mzigo analeta mifuko 20, "juu gari ni ya tani moja". Kisha wasafiri sita wanapanda juu ya mifuko. Mifuko 20 ni kilo 1.000. Watu sita, kilo 65 kila mmoja, ni kilo 390. Gari inatoka na kilo 2.100 + 350 + 1.000 + 390, ni kusema kilo 3.840. Imezidi PTAC kwa kilo 640, asilimia 20. Na kwa macho hakuna kitu cha kutisha: simenti iko chini, watu wameketi, gari inaondoka bila shida.

VITU VYA KWETU VINA KILO NGAPI

Mizani ya kupima gari nzima haiko kila fasi. Lakini mtu anaweza kuhesabu. Hizi ni namba za kushika kichwani:

- Maji: litre 1 ni kilo 1. Bido ya litre 20 ni kilo 20 na kidogo.
- Mazutu: litre 1 ni karibu gramu 840. Pipa la litre 200 ni karibu kilo 170, na chuma cha pipa juu yake.
- Esansi: litre 1 ni karibu gramu 740.
- Mafuta ya mawese: litre 1 ni karibu gramu 900. Bido ya litre 20 ni kilo 18 na kidogo.
- Simenti: kilo 50 kwa mfuko.
- Chuma cha beto cha milimita 12: kila mita ni karibu gramu 890. Kipande cha mita 12 ni karibu kilo 11. Vipande 50 ni zaidi ya nusu tani.
- Mchanga mkavu: karibu kilo 1.500 kwa mita moja ya kibe. Ukilowa unaweza kukaribia kilo 2.000.

Mchanga unaomba maneno zaidi. Sanduku la pikap lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na nusu, na kina cha santimita 40, linaingiza mita 1,2 za kibe. Ukilijaza mchanga mkavu mpaka kwenye ukingo ni kilo 1.800. Hakuna pikap ya kawaida iliyotengenezwa kwa kubeba hiyo. Mchanga uliotoka mtoni sasa hivi, bado unachuruzika maji, unazidi tani mbili.

Kwa ndakala wakavu ni kinyume: magunia yanapanda juu na kilo ni chache. Pale hatari siyo kuzidi PTAC, ni kimo. Tutarudi kwa jambo hilo.

Kwa gunia la mihogo ao la makala usikisie. Lipime moja kwenye mizani ya soko, kisha zidisha kwa hesabu ya magunia. Gunia la mihogo lililonyeshewa siyo lile la jana.

MOTERE INAVUTA, LAKINI GARI ITASIMAMA?

Kati ya mashofere neno linalosikika sana ni hili: "Hii motere ni ya nguvu, itavuta." Ni kweli, itavuta. Motere ya litre 4,2 ya mazutu iliyo kwenye Land Cruiser mingi inaweza kukokota kilo zinazopita sana PTAC, polepole, kwa vitesi ya kwanza. Lakini wakati wa kuandika PTAC mtengenezaji hakupima nguvu za kuvuta peke yake. Aliangalia kiungo kilicho zaifu kuliko vingine kati ya freni, mipira, esieu, shasi, rulema na usukani. Namba inasimama pale kiungo cha kwanza kinapofika mwisho wake.

Freni. Kusimamisha gari ni kugeuza mwendo wake kuwa moto. Uzito ukiongezeka kwa asilimia 20, moto wa kutoa kwenye freni unaongezeka kwa asilimia 20. Mwendo ukitoka kilomita 40 kwa saa kufika 60, moto unaongezeka zaidi ya mara mbili. Kwenye mteremko ni mbaya zaidi, maana mlima unaendelea kusukuma. Uvira iko kwenye kimo cha karibu mita 800, Bukavu karibu mita 1.500. Gari inayotoka Bukavu inatelemsha tofauti hiyo, na sehemu kubwa inakuwa kwenye kona za Ngomo.

Mafuta ya freni nayo yana mwisho. Yale ya alama DOT 3, yakiwa mapya, hayapashwe kuchemka chini ya digri 205. Lakini mafuta ya freni yanakunywa unyevu wa hewa pole pole. Yakisha kukunywa maji, kipimo kinashuka mpaka digri 140. Kwa DOT 4 ni digri 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na maji. Yakichemka yanafanya mapovu, na mguu wa shofere unaenda mpaka chini bila kitu kushika. Fundi ataangalia freni asubuhi na kuzikuta ni nzima, kwa sababu zimepoa.

Mipira. Kila mupira una namba ya mzigo iliyoandikwa pembeni, kisha kipimo chake. Namba hiyo haisemi kilo moja kwa moja, inasomwa kwa liste:
- 100 ni kilo 800
- 104 ni kilo 900
- 108 ni kilo 1.000
- 112 ni kilo 1.120
- 116 ni kilo 1.250
- 121 ni kilo 1.450

Ukiona namba mbili kama 112/110, ya kwanza ni ya mupira ulio peke yake, ya pili ni ya mipira iliyofungwa miwili miwili, kama nyuma ya Canter. Kilo hizo ni kwa mupira wenye upepo wa kutosha. Mupira wa 112 wenye upepo nusu haubebi kilo 1.120, unajikunja, unapata moto ndani, na unapasuka mbali na garaji. Mipira ya okazioni iangaliwe na umri wake: pembeni, kisha herufi DOT, namba ine za mwisho zinaonyesha juma na mwaka. 3519 ni juma la 35 la mwaka 2019. Mupira unaweza kuwa na meno mazuri na mwili umekwisha kupasuka kwa uzee.

Esieu. Ni ile chuma inayobeba magurudumu mawili ya mbele ao mawili ya nyuma, na kila moja iko na kilo zake kwenye plaki. Gari inaweza kuwa chini ya PTAC na bado esieu ya nyuma imezidiwa, kwa sababu mzigo wote umerundikwa nyuma. Kilo zinazokaa nyuma ya magurudumu ya nyuma zinafanya kazi kama mtoto mzito kwenye mwisho wa ubao wa kubembea. Tuseme kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 3, na umeweka kilo 200 mita moja nyuma ya esieu. Esieu ya nyuma inapokea karibu kilo 267, na ya mbele inapunguziwa kilo 67. Usukani unakuwa mwepesi. Shofere anakata kona na gari inaenda mbele.

LAME ZA KUONGEZA HAZIONGEZE PTAC

Ni kazi ya kila siku mu garaji zetu. Gari imeinama nyuma, fundi anaongeza lame mbili tatu kwenye resori, gari inasimama sawa tena. Mwenye gari anafurahi na anaongeza mifuko.

Kile kilichobadilika ni kimo cha gari peke yake. Freni ni zile zile. Mipira ni ile ile. Shasi, rulema na esieu ni vile vile. Lame mpya zimeondoa alama moja iliyokuwa inamwambia shofere kwamba gari imezidiwa. Kisha kuongeza, mashimo yanapiga shasi moja kwa moja maana resori ngumu hazikunji tena vizuri, na nyufa zinaanza, mara mingi nyuma ya kabini ao pale resori zinapofungwa.

Kubadilisha lame zilizovunjika ao zilizochoka ni kazi nzuri na ya lazima. Kuongeza lame ili gari ibebe kupita plaki ni kuficha ugonjwa.

Kuna inchi ambako sheria inaruhusu kupandisha PTAC kwa kubadilisha sehemu nyingi kwa pamoja, halafu mtaalamu anakagua na karatasi mpya inatolewa. Lame peke yake bila karatasi haiko kitu kimoja na hiyo.

JUU YA GALERI NA KIMO CHA MZIGO

Galeri ina namba yake pia, na ni ndogo sana kuliko mzigo wa gari. Kwa jipu mingi ni kati ya kilo 100 na 200, na kitabu cha gari kinasema. Uzito wa galeri yenyewe unatolewa humo. Watengenezaji wengi wa galeri wanaomba kupunguza tena namba hiyo kama barabara ni mbaya.

Sababu ni kupinduka. Gari inasimama imara pale uzito wake uko chini. Kilo 150 sakafuni na kilo 150 juu ya paa ni kilo zile zile kwa PTAC, lakini kwenye kona, ao gurudumu moja likiingia mfereji, zile za juu zinavuta gari kulala. Watu walioketi juu ya bidhaa ni mzigo wa aina hiyo: wako juu, na wanasogea wote upande mmoja gari ikiinama. Tena hawana kitu cha kuwashika.

Kanuni ya kupakia ni fupi. Kizito chini. Kizito karibu na kabini, mbele ya magurudumu ya nyuma. Kushoto na kuume sawa. Kila kitu kifungwe, maana pipa linaloviringika linaweza kuhamisha uzito wote katika kona moja.

BARABARA MBAYA INAPUNGUZA NAMBA

Jipu na pikap za magurudumu mane zinasifiwa kwa njia mbaya, na watu wanafikiri nguvu hiyo inaongeza mzigo. Ni kinyume. Namba ya plaki haigeuki, lakini shimo linafanya kilo zizidi kwa kitambo kidogo. Gari ikianguka kwenye shimo, resori na esieu zinapokea pigo linalopita sana uzito uliosimama. Kilo 3.200 kwenye lami laini na kilo 3.200 kwenye mawe si kazi moja.

Kwa sababu hiyo, mashofere wenye kuzoea milima wanabakisha nafasi chini ya namba. Wakati wa mvua wanabakisha zaidi: njia inateleza, gari inachukua tope, magunia yanakunywa maji. Na kwenye daraja, namba ya kuangalia ni nyingine: kama kuna kibao cha tani, ni uzito wote wa gari ikiwa imejaa, siyo wa bidhaa tu.

JUU YA NINI WATU WANAZIDISHA

Si kwa sababu mashofere hawapendi maisha yao. Mwenye gari anangojea pesa yake ya siku. Mafuta ni bei. Kwenye bariere gari inalipa kila mara inapopita, iwe na mifuko 15 ao 25, basi safari moja yenye mzigo mkubwa inaonekana kuwa faida kuliko mbili. Mwenye bidhaa naye anaomba kupunguziwa bei na anatafuta gari itakayobeba yote mara moja.

Lakini hesabu hiyo inasahau upande wa pili. Mipira inayokwisha mbele ya wakati, lame zinazovunjika, rulema, freni, mazutu mengi zaidi kwenye mlima, na siku ambazo gari inalala garaji bila kuingiza kitu. Mwenye gari anayeandika matumizi yote ya miezi sita kwenye daftari, kando ya mapato, ataona mwenyewe kama ile mifuko mitano ya kuzidi ilimlipa.

Kuna pia swali la nani anabeba lawama. Gari ikipinduka, shofere ndiye anakamatwa. Mwenye gari aliyesema "ongeza" na mwenye bidhaa aliyesisitiza hawako kwenye usukani. Shofere anayejua namba yake anaweza kuonyesha plaki na kusema hapana bila kugombana: ni karatasi inakataa, siyo yeye.

SHERIA, NA BARABARA YENYEWE

Kanuni ya barabara katika Kongo inatoka kwa sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, na inagusa pia namna ya kupakia magari. Tangu mwaka 2022 Kongo ni memba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na jumuiya hiyo iko na vipimo vyake kwa malori makubwa: tani 8 kwa esieu ya usukani, tani 10 kwa esieu moja yenye mipira mine, na mwisho kabisa tani 56 kwa lori zima. Ndiyo maana malori yanayotoka Dar es Salaam yanapita kwenye mizani njiani mbele ya kufika kwetu.

Vipimo hivyo havikuwekwa kwa kutafuta pesa tu. Majaribio makubwa yaliyofanyika katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara unapanda haraka sana kuliko uzito. Esieu yenye uzito mara mbili inaharibu njia karibu mara 16. Kwa hiyo lori moja lililozidiwa linaweza kula barabara kuliko mengi yaliyopakia sawa, na mashimo yake yanabaki kuvunja resori za pikap ndogo zinazofuata.

MBELE YA KUTOKA: MAMBO NANE

1. Soma plaki na uandike namba tatu kwenye karatasi inayokaa kabini: PTAC, kilo za mbele, kilo za nyuma.
2. Toa watu na vifaa kwanza. Kinachobaki ndicho cha bidhaa.
3. Hesabu mifuko na bido kwa kilo, usihesabu kwa macho.
4. Pima gari ikiwa tupu: kwa kamba ao metre, kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa karosri juu yake. Pima tena ikisha kupakiwa. Ukifanya hivyo siku ambayo kilo unazijua hakika, utapata alama ya kulinganisha siku zingine. Alama hiyo haitumike tena kama lame zimebadilishwa.
5. Angalia upepo wa mipira ikiwa baridi, na ya akiba pia.
6. Angalia kimo, rangi na umri wa mafuta ya freni. Mafuta meusi yabadilishwe mbele ya kushuka Ngomo.
7. Kwenye mteremko tumia vitesi ya chini tangu juu. Acha motere ishike gari, freni zipumzike. Ukisikia harufu ya kuungua, simama fasi salama na ungoje zipoe, usizimwangie maji.
8. Kila saa moja ao mbili ya njia mbaya, simama, gusa rulema na mipira kwa mkono, angalia kamba na lame.

KWA MSAFIRI

Msafiri hana plaki mkononi, lakini kuna alama zinazoonekana. Nyuma ya gari imelala na taa za mbele zinaangalia juu. Mipira ya nyuma imejaa tumbo chini. Gari inayumba hata kwenye mwendo mdogo. Watu wameketi juu kupita kimo cha kabini. Mojawapo ikionekana, mama ao baba mwenye kusafiri na watoto ana haki ya kushuka na kuuliza gari iko na kilo ngapi. Kama shofere hawezi kujibu, ni vizuri kungojea gari ingine, hata kama hiyo itatoka kesho asubuhi.